Vyuma vya Nyonga: Cha Ghali Si Lazima Kiwe Bora

Anayetaka kununua hisa za kampuni za vifaa vya upasuaji, au kuagiza vifaa hivyo kutoka nje, hana budi kujua kwanza nini huamua ununuzi wa hospitali. Kwa nyonga iliyovunjika, jambo la kwanza ni mahali mfupa ulipovunjika.

Shingo ya mfupa wa paja ikivunjika na kuachana kwa mgonjwa mzee, damu inayolisha kichwa cha mfupa huweza kukatika. Mara nyingi daktari huondoa kichwa hicho na kuweka cha bandia. Mfupa ukivunjika chini kidogo ya shingo, damu bado hufika na mfupa huunga. Hapo hutakiwa chuma cha kuushikilia tu: skrubu ya kuteleza na bamba lake, au msumari unaopita ndani ya mfupa.

Msumari ni ghali zaidi. Hata hivyo, mwaka 2011 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilipendekeza skrubu kwa mivunjiko mingi ya sehemu hiyo, kwani msumari haukuonyesha faida ya kulingana na bei yake. Msumari uliachiwa mivunjiko ya chini zaidi.

Kwa vichwa vya bandia, saruji ya mifupa imetumika sana tangu miaka ya 1960. Mwaka 2022 utafiti wa Uingereza kwa wagonjwa 1,225 wa miaka 60 na zaidi ulionyesha kuwa waliowekewa kwa saruji walikuwa na hali bora kuliko waliowekewa bila saruji. Ya zamani ikaishinda mpya.

Upya una hatari nyingine. Agosti 2010 DePuy, kampuni tanzu ya Johnson & Johnson, iliondoa sokoni nyonga za bandia za ASR, ambazo chuma husuguana na chuma. Takriban 93,000 zilikuwa zimeshawekwa duniani, nyingi kwa wenye maradhi ya viungo. Novemba 2013 ilikubali kulipa kiasi cha dola bilioni 2.5 kumaliza maelfu ya kesi Marekani.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aulize: chuma hiki ni cha mvunjiko upi? Kimefuatiliwa kwa wagonjwa kwa miaka mingapi? Kipo cha bei nafuu chenye matokeo sawa? Muuzaji akikosa majibu, fedha zibaki mfukoni.