Kabla Hujamtumia Mchapaji Ile Picha ya Mama

 Wadogo zangu, swali mnaloniletea ni moja, linakuja tu kwa sura tofauti. Msiba umetokea, kamati ya mazishi imekaa, na kwa kuwa wewe ndiye mtoto wa kompyuta kwenye ukoo, umebebeshwa ratiba ya ibada, picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza na bango la getini. Nafasi ya kuzunguka Kariakoo huna. Je, unaweza kumalizana na mchapaji kwa simu tu, bila kuonana naye?

Unaweza, na wengi wanafanya hivyo. Unatuma picha na maandishi kwa WhatsApp, jamaa anasanifu, anakurudishia uone, unalipa, mzigo unakuja na bodaboda au unapanda basi la mkoani. Ila nikuambie mapema: hapo panapoonekana pagumu, kwenye mashine, ndipo penye wepesi. Kazi iko sebuleni kwenu.

Anza na majina. Ukurasa wa historia ya marehemu husomwa na kila mtu, wengine kwa kidole kabisa, wakijitafuta. Ameacha mjane mmoja au wawili? Watoto wangapi? Na yule aliyezaliwa kabla ya ndoa, ambaye nyumbani hatajwi lakini mtaa mzima unamjua, yumo? Hilo si jambo la kuamua wewe peke yako saa saba usiku, macho yamevimba kwa kulia. Lirudishe kwenye kikao, wazee waliamue, halafu orodha isomwe kwa sauti shangazi akiwa anasikiliza. Mtoto akiachwa kwenye ile karatasi, ugomvi hauishii makaburini. Najua mahakama kwenye mambo ya mirathi itataka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, wala haitahangaika na ratiba yenu ya ibada, lakini watu wataitunza na siku moja wataitoa mfukoni mbele ya kikao. Wakishakubaliana, muulize kila mtu jina lake analiandikaje. Elizabeth wa zeta na Elisabeth wa esi hawakubali kuazimana.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina visa vyake. Kwa wazee wetu utakuta mwaka mmoja kwenye kitambulisho cha Taifa, mwingine kwenye cheti cha ubatizo, na bibi ana wa kwake anaoupima kwa njaa na mafuriko. Mimi ningefuata wa kitambulisho, kwa sababu huo ndio mtakaoulizwa maofisini. Mkibishana sana, andikeni mwaka peke yake bila siku wala mwezi. Na kilichomuua marehemu kisiandikwe mpaka mwenzi wake au watoto wake wameridhia, hata kama kila mtu anakijua.

Sasa mteueni mtu mmoja wa neno la mwisho. Mchapaji apokee maagizo kutoka namba moja tu. Akianza kupigiwa na kaka wa Mbeya anayetaka rangi ya zambarau, na binamu anayetaka njiwa na mawingu, atachapa toleo ambalo hakuna aliyelikubali, na lawama zitakurudia wewe.

Kuhusu picha, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Ile picha nzuri ya mama huwa iko ukutani ndani ya fremu. Msiipige ikiwa nyuma ya kioo. Mtapiga taa ya sebule na kivuli cha mpigaji. Itoeni, ilazeni mezani karibu na dirisha mchana, zimeni mwanga wa simu, na simu iwe sambamba na picha, isiinamie upande. Kama kuna duka la stesheneri lenye skana karibu, ni bora zaidi. Kipicha cha pasipoti cha milimita 35 kwa 45 kikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi kinaweza kukuzwa mara mbili, karibu sentimita 7 kwa 9, na bado uso ukatoka safi. Hicho kinatosha jalada la kijitabu. Bango la mita mbili tafutieni picha nyingine.

Mkiituma, itumeni kama faili na siyo kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huibana picha, na pale kwenye kioo cha simu hamtagundua lolote hadi ikuzwe. Halafu mwombeni mchapaji aiongeze mwanga kidogo. Nyuso zetu nyeusi zinazong'aa kwenye simu hutoka zimefifia na kuwa giza zikishapigwa kwenye karatasi, hasa msanifu akiweka na mandhari nyeusi nyuma. Na akiwaletea ile picha iliyopitishwa kwenye programu ya akili bandia, mashavu laini kama ya msichana wa miaka 20 na meno ambayo mama hakuwa nayo, ikataeni. Waombolezaji wanataka kumwona waliyemzoea.

Kijitabu cha A5 ni karatasi za A4 zilizokunjwa katikati na kupigwa pini, kwa hiyo kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne: 4, 8, 12. Ukileta kurasa 9, mtalipia 12 na tatu zitabaki tupu. Punguza hadithi au ongeza picha. Kazi ikishakamilika, itunze kama PDF. Ukimtumia mchapaji faili la Word, kompyuta yake isiyo na aina ya herufi zako itasogeza mistari, na jina la mjukuu wa mwisho litaangukia ukurasa wa nyuma. Na wewe ndugu uliye Marekani unayetaka kusaidia kwa kusanifu huko: badilisha kwanza ukubwa wa karatasi. Huko wanatumia Letter, milimita 216 kwa 279; Moshi wanachapa kwenye A4, milimita 210 kwa 297. Pembe zitakatwa au zitabaki na nafasi ya ajabu. Tuma faili, lichapwe mji ule ule mtakakozikia. Vijitabu vya kusubiri ndege navihofia.

Mkitumia kiolezo cha mtandaoni, kipitieni neno kwa neno. Humo mna maneno ya kujazia, mengine ya Kilatini cha uongo, mengine ya Kiingereza, na hujificha ukurasa wa nyuma kwa herufi ndogo. Ratiba nayo ipite kwa mchungaji au padri kabla ya kuchapwa. Ukiandika namba ya wimbo, andika na jina la kitabu, kwa sababu namba ya Tenzi za Rohoni haimpeleki mtu popote kwenye Mwimbieni Bwana.

Kwa Waislamu, mazishi yenyewe huwa hayasubiri karatasi. Kazi ya mchapaji inakuja kwenye khitma, pale familia inapotaka vijitabu vya Yasini vyenye jina la marehemu. Hapo muwe wakali. Maandishi ya Kiarabu yakifunguliwa kwenye programu isiyoyajua, herufi hutengana na mstari hugeuka kuanzia kushoto, na msanifu asiyesoma Kiarabu haoni kosa. Ayapitie ustadhi kabla ya kopi ya kwanza, na mwambieni mchapaji wazi kwamba kijitabu hufunguliwa kutoka kulia. Muulizeni ustadhi pia kama inafaa kuweka aya kwenye vitu vitakavyotupwa, mfano bango au kifuniko cha chupa ya maji.

Pesa: malipo ya awali ni sawa, malipo yote kwa mtu uliyemwona kwenye tangazo jana hapana. Kabla hujaweka namba ya siri, angalia jina linalotokea kwenye simu, lifanane na la duka au mwenye duka. Mwombe achape kopi moja kwanza, akupigie picha akiwa ameishika mkononi, au tuma mtu akaione. Matapeli wanapenda sana misiba, kwa hiyo namba ya rambirambi kwenye tangazo iwe moja, na jina la mwenye namba liandikwe pembeni yake. Msiandike popote kwamba familia nzima inasafiri Ijumaa na kurudi Jumatatu. Mnawaambia wezi saa ya kuja.

Idadi ya kopi? Chache kuliko anavyotaka kaka mkubwa. Watu hukaa wawili wawili na kusoma kijitabu kimoja, na zikipungua, mchapaji anayetumia mashine ya kidijitali anaongeza hata 20 bila gharama ya kuanza upya. Fulana zenye sura ya marehemu ni hiari ya watakaozilipia, zisitoke kwenye mchango wa jeneza.

Mkishazika, hifadhini faili la mwisho na ile picha iliyoskaniwa kwa watu wawili wasioishi nyumba moja. Fundi wa kujengea kaburi atakapokuja kuuliza jina kamili na tarehe, mtampa hiyo hiyo iliyokwisha kupita kwenye kikao.