Vidato vya Barafu

Mwaka 1888 Mjerumani Hans Meyer alisafiri katika milima ya Usambara pamoja na Oscar Baumann. Wakakamatwa na watu wa Abushiri, wakafungwa, wasiachiliwe ila kwa fidia. Hata hivyo Meyer alirudi mwaka uliofuata ili apande Kilimanjaro, yeye na Ludwig Purtscheller. Tarehe 3 Oktoba 1889 walifikia barafu, ngumu kama kioo, na mteremko wake mkali. Kuteleza ni kufa. Wakachonga vidato kwa shoka la barafu (si hili la kuni), kila kidato mapigo kama 20. Walipofika ukingoni juu, nguvu zilikuwa zimekwisha na jua limepita, wakarudi. Tarehe 6 walipanda tena. Vidato vyao vilikuwa vingaliko, havikuyeyuka. Wakavikanyaga kimoja kimoja hata ukingoni, kisha wakafika kileleni.