Kijiko cha Oili Kabla ya Hukumu: Kutengeneza Gari Kuukuu au Kununua Jingine

Muuza magari mmoja wa barabara ya Bombo, ambaye jina lake nalisitiri kwa kuwa bado twapishana msikitini, alitamka mbele ya watu kwamba Toyota Corona Premio yangu ya mwaka 1998 ilikuwa mzoga, na kwamba kwa huruma yake tu angekubali kuipokea kwa bei ya chuma chakavu, nami niongeze fedha juu yake, niondoke na Spacio nyeupe iliyosuguliwa nta hata mtu akajiona uso mlangoni mwake. Fundi wangu wa hapa Bwaise, mtaa wa Kampala, aliyepaswa kunitetea, alifunga boneti, akajifuta mikono, akasema, "Ssebo, injini imekwisha. Tafuta nyingine au uza." Ni kweli gari lilikuwa limedhoofika: lilitetemeka katika msongamano wa Kalerwe, na mlima wa Makerere lilikuwa likiupanda kwa taabu kubwa. Lakini maadam leo laupanda mlima ule ule bila kunung'unika, naona ninayo haki ya kueleza namna mtu wa kipato cha wastani awezavyo kuamua baina ya kutengeneza na kununua. Nimezipanga hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kukagua bodi kabla ya injini, ilhali watu aghalabu hufanya kinyume chake. Injini ni mpangaji, bodi ndiyo nyumba: injini ya mtumba iliyotoka Japani utaipata soko la Kisekka, ukaifunga, safari ikaendelea, lakini sakafu iliyoliwa na kutu haina duka linaloiuza. Sisi wa Bwaise tunayo sababu zaidi ya kulizingatia jambo hili, kwa kuwa twakaa bondeni, na mfereji wa Nsooba ukifurika maji huingia uani bila hodi, yakapanda hata chini ya viti. Inua zulia, gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, sikiliza. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Langu lililia pote, kwa sababu kila mawingu yalipotanda nilikuwa nikiliegesha penye mwinuko, na majirani wakinicheka.

Hatua ya pili ni kuyajua maradhi kwa ushahidi, wala si kwa kutikisa kichwa. Injini yangu ni 7A-FE, ya lita 1.8 na silinda nne, bloku yake ya chuma cha kusubu, na imeundwa hivi kwamba hata mkanda wa taimingi ukikatika valvu hazigongani na pistoni. Sikukubali kwamba injini ya namna hiyo inaweza kuhukumiwa kwa kusikilizwa tu. Nikaenda Kisekka, soko lenye jina la Daktari Samson Kisekka aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hii, kununua geji ya kupimia kompresheni. Muuzaji alinishikiza ile ya ncha ya mpira, inayoshindiliwa kwa mkono kwenye tundu la plagi, akiapa kwamba mafundi wote huitumia. Huenda huitumia, lakini mpira ule hupitisha upepo pembeni, na mkono wa mtu hauna nguvu sawa asubuhi na jioni. Taka geji yenye hesi, inayokazwa tunduni kama plagi yenyewe, hata akikununia.

Upimaji hauna siri kubwa. Injini ipate moto, betri iwe na nguvu, plagi zote zitolewe, umeme wa plagi ukatwe, fyuzi ya EFI ichomolewe ili petroli isimwagike ndani. Kisha mtu akanyage mafuta hadi chini, na stata izungushwe mpaka mshale wa geji usite. Kwa injini hii kipimo kizuri ni takriban pauni 190 kwa inchi ya mraba, kisishuke chini ya 142, wala silinda zisitofautiane kwa zaidi ya pauni 14. Silinda ya kwanza na ya nne zilipata 175. Ya pili na ya tatu hazikufika 90.

"Si umeona?" fundi akasema, na furaha yake haikufichika. "Ringi zimekufa."

Hapo ndipo nilipoomba kijiko. Baada ya kipimo cha kwanza, mimina kijiko kimoja cha oili ya injini katika tundu la plagi la silinda dhaifu, zungusha stata kidogo ili oili itandae, upime tena. Ikiwa ringi ndizo zilizolika, oili huziba mwanya baina ya pistoni na ukuta wa silinda kwa muda, na mshale hupanda; hapo kweli gharama ni kubwa, na habari ya injini nyingine yafaa kuzungumzwa. Ikiwa upepo wapotea kwenye valvu au gasketi, oili iliyo juu ya pistoni haiwezi kuuzuia, na mshale hubaki palepale. Wangu haukusogea. Na silinda mbili zinapodhoofika kwa pamoja, nazo ni majirani, mshukiwa wa kwanza ni ule ukanda mwembamba wa gasketi uliopo baina yao.

Fundi alifungua silinda hedi bila kusema neno. Baina ya tundu la pili na la tatu gasketi ilikuwa imeungua, imeacha mfereji mweusi usiozidi upana wa njiti ya kiberiti. Njiti hiyo ndiyo iliyokuwa iniuzie Spacio! Silinda hedi ikapelekwa mashineni kusawazishwa uso, valvu zikasagwa, gasketi mpya ikafungwa, na fedha yote niliyotumia ilikuwa haba mno mbele ya nyongeza niliyotakiwa kulipa.

Hatua ya tatu ni hesabu ya kununua, nami nitaieleza kwa ufupi. Sheria ya mwaka 2018 yakataza kuingiza Uganda gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kuundwa; lililo chini ya umri huo hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, na likiwa kuukuu huongezewa tozo ya mazingira inayofika asilimia 50 ya thamani yake. Basi sehemu kubwa ya bei ya gari la bondi, yaani lililotoka ng'ambo moja kwa moja, si chuma bali ni kodi, na ndiyo maana wengi hukimbilia gari lililokwisha kutumika hapa nchini, kama ile Spacio, ambayo fauka ya hayo ilikuwa na injini ya 1ZZ-FE, na zile za miaka ya mwanzo zajulikana kwa kula oili. Nilirudi kwa muuzaji yule kuitazama, kwa ushindi zaidi kuliko haja. Nikavuta mkanda wa kiti cha dereva hadi mwisho wake, mahali ambapo msafishaji hafiki. Mstari wa tope kavu ukajitokeza. "Hajji," muuzaji akaniambia, "hilo ni vumbi la Japani."

Hatua ya nne, yaani kulikagua gari unalouziwa kama halikuwahi kuingiwa na mafuriko, imemezwa na habari hiyo. Kwa ufupi, bodi ikiwa imeoza, uza, hata injini ikiwa nzuri. Bodi ikiwa nzima, usiuze kabla ya kupima. Geji ninayo, na jirani ataazimwa. Kijiko aje nacho mwenyewe, kwa sababu mke wangu amekwisha kuhesabu vyake.