Usiuziwe Maji ya Mtoni: Mbinu za Kusikiliza Siasa Ukiwa Kisangani

Kisangani hatuna njaa ya habari. Umeme wa SNEL unaweza kukatika tangu alfajiri, lakini ikifika saa nne utakuwa umeshajua nani kateuliwa, nani kafukuzwa, nani kala pesa, na nani anaapa kwa jina la Mungu kwamba hakula. Kazi ni kuchambua. Na wewe una mambo yako: kuna soko, kuna ada ya shule, kuna mtumbwi wa kukuvusha kwenda Lubunga. Basi twende haraka.

Uliza nani kalipa. Kabla hujaamini taarifa, jiulize mwandishi alifikaje kwenye mkutano na aliondoka na nini. Coupage, yaani bahasha ya mwandishi, haijifichi: mheshimiwa anahutubia, bahasha inapita, jioni unasikia kwamba umati mkubwa ulimpokea kwa shangwe. Usimchukie mwandishi, maana wengi wao mshahara wanausikia kwa jirani. Ila jua kwamba ulichosikia ni tangazo la biashara. Utalitambua: msemaji ni mmoja, sifa ni nyingi, na swali halikuulizwa hata moja. Ukisikia "mwenye maono" mara mbili ndani ya dakika moja, zima redio uokoe betri.

Mjue mwenye kituo. Redio nyingi zina mwenyewe, na mwenyewe ana chama, au anatafuta chama cha kumpokea. Zamani angalau hawakujificha: enzi za Mobutu, televisheni ya Zaire ilifungua taarifa ya habari kwa uso wa Rais ukishuka kutoka mawinguni. Siku hizi waheshimiwa wanashuka kwenye jeep, lakini sauti ya mtangazaji ni ileile.

Sikiliza vituo viwili visivyopendana, kisha ongeza Radio Okapi, ambayo iko hewani tangu 2002 na ina matangazo ya Kiswahili. Vikikubaliana kuhusu tarehe, mahali na kiasi cha pesa, andika. Visipokubaliana, usichague kile kinachokufurahisha. Subiri kesho.

Nenda ukaone. Hii ndiyo faida ya kuishi katika mji ambao toleka, yaani teksi ya baiskeli, anakufikisha karibu kila mahali. Ukiambiwa barabara ya mtaani kwenu imetengenezwa, panda baiskeli upite juu yake. Ukiambiwa zahanati imefunguliwa, nenda ukaulize bei ya dawa. Picha ya uzinduzi si ushahidi, kwa sababu utepe unakatwa hata mahali ambapo ukuta haujaanza. Rudi baada ya wiki mbili, waheshimiwa wakiwa wameshaondoka.

Sasa somo kubwa, na hili ni letu wenyewe. Mwaka 2000, kuanzia Juni 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa mjini kwa siku 6, yakitumia nyumba zetu kama uwanja. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya vita vyake nchini mwetu. Malipo yaligawanywa mafungu 5, dola milioni 65 kila mwaka, na fungu la kwanza liliingia mwaka huohuo wa 2022. Mfuko wa kuwafidia wahanga ni FRIVAO, makao yake yakiwa hapa Kisangani.

Akaja Constant Mutamba, aliyeteuliwa Waziri wa Sheria mwaka 2024, kijana mwenye sauti kubwa, aliyejijengea jina kwa kukemea wezi wa mali ya umma na kuwatisha mahakimu wala rushwa. Wengi tulimpigia makofi. Kisha ikasikika kwamba zaidi ya dola milioni 19, zikitajwa kuwa za wahanga, zimeelekezwa kwenye ujenzi wa gereza jipya hapa Kisangani. Juni 2025 alijiuzulu. Septemba 2, 2025, Mahakama ya Kasasheni ilimhukumu miaka 3 ya kazi ngumu. Yeye alikana tangu mwanzo na kusema ametegewa mtego na maadui zake. Mkemeaji wa wezi ahukumiwe kwa wizi, na chombo cha wizi kiwe gereza: mchekeshaji angeandika hivyo tungemwambia amezidisha.

Lakini angalia sisi tulivyoisikiliza habari hiyo. Barazani watu waligawanyika papo hapo: huyu anasema mwizi, yule anasema shujaa. Wiki nzima tulijadili moyo wa Mutamba kana kwamba tumewahi kuuona. Mama aliyebomolewa nyumba Juni 2000 alikuwa na swali lingine kabisa, na halikupata nafasi hewani.

Kwa hiyo mbinu ni hii: fuata pesa, mwache mtu. Chukua daftari la shule la mtoto, chora mistari miwili upate safu tatu. Ya kwanza, zilizoingia. Ya pili, zilizotoka na zilikwenda kwa nani. Ya tatu, zilizobaki. Kila kiongozi akizungumza kuhusu FRIVAO, au mfuko wowote, jaza safu. Utaona safu ya kwanza inajaa upesi, kwa sababu kila mmoja anapenda kutangaza mamilioni yaliyokuja. Ya tatu itakaa tupu. Hapo ndipo pa kuuliza.

Badilisha majina. Kauli yoyote ya mwanasiasa unayempenda, itie kinywani mwa mpinzani wake uone kama bado inakupendeza. Januari 2024, tume ya uchaguzi CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa madai ya udanganyifu na mengineyo. Mawaziri na magavana walikuwamo. Wangapi kati yetu tulisema yule wa chama kingine amepatikana, na huyu wa kwetu ameonewa? Orodha ilikuwa moja, tume ilikuwa moja, siku ilikuwa moja. Ukijikuta una mizani mbili, huwezi kumcheka mheshimiwa mwenye ndimi mbili.

Sauti za WhatsApp. Hizi zina fundi wake. Mtu anahema, ananong'ona, anasema yuko ndani ya ofisi ya mkubwa na anahatarisha maisha yake ili kukuambia wewe, pamoja na makundi mengine mia. Usibishane naye, hatakusikia. Mwandikie aliyekutumia: "Yaya, wewe uliona?" Atajibu kwamba naye katumiwa. Mwambie amuulize aliyemtumia. Sauti nyingi hufia kwenye swali la pili. Zilizobaki, zipe usiku mmoja, kisha tazama kama wachunguzi wa habari wa Congo Check wamezichunguza.

Hapa kicheko kinaisha kidogo. Aprili 2008 uvumi ulienea Kinshasa kwamba wachawi wanaiba nyeti za wanaume kwa kuwagusa tu, na polisi wakawakamata watuhumiwa 13. Ukisimuliwa unacheka. Mwaka 2025 uvumi wa ukoo huohuo ulizunguka mkoa wetu wa Tshopo, na watu waliuawa kwa ajili yake. Na Lubunga tunajua tangu 2023 jinsi ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulivyogharimu roho za watu. Sauti yoyote inayomalizika kwa jina la kabila au la jirani, iishie kwenye simu yako. Usiitume hata kwa kuuliza "eti ni kweli?", maana ukiuliza kundi zima umeshaitangaza.

Kuhusu T-shirt: kampeni ikija utapewa, na pengine kitenge juu yake. Ukiivaa, ivae ukipaka nyumba chokaa. Ndani ya kibanda cha kura hakuna anayekuona umevaa nini, na shati halina deni.

Mwisho, mheshimiwa akirudi kuwasalimia, usiende na hotuba. Nenda na namba moja kutoka daftarini na swali moja, fupi: "Papa Honorable, zile za safu ya tatu ziko wapi?" Atakushukuru kwa swali zuri. Ataanza kueleza historia ya nchi tangu uhuru. Vijana wake wataanza wimbo. Wewe baki umesimama, na mwambie mwenzako naye asimame aulize hilohilo.