Je, Asiyesikia Habari Ndiye Mwenye Raha?



Muhula uliopita Chama chetu cha Majadiliano kilipewa hoja hii: "Maisha ni bora bila kufuata habari." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliokubali, na kura zilipohesabiwa tulishinda. Wenzangu walinipigia makofi. Lakini usiku ule sikulala vizuri, maana kulikuwa na jambo moja nililolijua ambalo sikulisema, kwa kuwa lingeuangusha upande wetu. Nataka kulisema hapa. Lakini kwanza ni haki nieleze hoja za pande zote mbili, ili msomaji apime mwenyewe.

1. Maana ya habari

Watu wawili wakikutana, neno la kwanza katika Kiswahili ni "Habari za nyumbani?" Huko kwetu Kalerwe, katika jiji la Kampala, majirani zetu Waganda huuliza, "Agafaayo?" yaani, "Yanayotokea huko ni yapi?" Gazeti la kwanza la Kiganda, lililoanzishwa na wamisionari wa C.M.S. mwaka 1907, liliitwa Ebifa mu Buganda, maana yake "Yanayotokea Buganda". Mwaka 1911 Mapadri Weupe nao wakaanzisha lao, Munno, yaani "Rafiki yako". Redio ya serikali ilianza mwaka 1954, na vituo vya redio vya watu binafsi vikaanza mwaka 1993.

Basi babu zetu walipata habari kwa kipimo: gazeti likija linasomwa, likiisha linakunjwa. Leo habari huingia katika simu kila dakika, mchana na usiku, wala hazina ukurasa wa mwisho. Ndiyo maana swali letu linafaa kuulizwa siku hizi kuliko zamani.

2. Hoja za wanaozikataa habari

Kwanza, husema kwamba habari nyingi ni mbaya, na moyo wa mtu si ghala. Nao wana ushahidi. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima anayeuza matoke sokoni Kalerwe, alikuwa hakosi taarifa ya televisheni ya usiku, ile ya Kiganda iitwayo Agataliiko Nfuufu. Aliona ajali, wizi na maiti kila siku kabla ya kulala. Mwishowe akaogopa kutoka nyumbani alfajiri kuyawahi malori ya mizigo. Akawa anafika kumekucha, wenziwe wamekwisha kuchagua mikungu mizuri, naye huambulia iliyobaki. Alipoacha kutazama taarifa ile, alirudi kuamka saa kumi kama zamani, na biashara yake ikapona.

Pili, husema kwamba habari huchanganyika na uongo. Mwezi wa Februari 1920 hakukuwa na simu za namna hii, lakini Februari 2020, ugonjwa wa korona ulipoanza kuenea, Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba pamoja na ugonjwa imekuja gharika ya habari, za kweli na za uongo, hata watu hawajui lipi la kushika. Mwezi uliofuata Shirika hilo lilishauri watu watafute habari za ugonjwa mara moja au mbili tu kwa siku, kwa saa maalum.

Tatu, husema kwamba habari nyingi si habari, ni umbea. Hapa Uganda umbea huitwa lugambo, na neno hilo lilipata kuingia hata katika mambo ya kodi. Tangu tarehe 1 Julai 2018 mtu aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii alitozwa shilingi 200 kwa siku, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba watu wanaitumia kwa lugambo. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data za intaneti. Lugambo haikupungua.

3. Hoja za wanaozitaka habari

Wao hujibu hivi: ukiondoa habari hupati kimya, unapata uvumi. Jambo hili tuliliona sote mwezi wa Januari 2021. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi tarehe 18. Mimi nilikuwa kijana mdogo nyumbani Kalerwe. Kama kutosikia ni raha, basi siku zile zingekuwa sikukuu. Lakini sivyo. Watu walijikusanya penye redio, na redio iliponyamaza kila mtu akawa mtangazaji. Mwenye bodaboda akitoka Bwaise alileta habari moja, na mwingine akitoka Wandegeya alileta nyingine iliyoipinga ile ya kwanza. Wazee husema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Katika siku zile tulijifunza kwamba liko pia lisemwalo ambalo halipo wala halitakuja, na bado linamtia mtu hofu ya kufungua duka.

Tena ziko habari zinazookoa. Tarehe 30 Januari 2025 ilitangazwa kwamba muuguzi wa hospitali ya Mulago amefariki kwa Ebola. Mulago si mbali na Kalerwe. Wauguzi na wagonjwa hununua vitu katika soko letu. Mama yangu, ambaye anauza nyanya, aliisikia habari hiyo, na kesho yake akaweka ndoo ya maji na sabuni mbele ya meza yake. Wengine wakamwiga. Tarehe 26 Aprili mlipuko ule ulitangazwa kwisha. Sisemi kwamba ndoo ya mama ndiyo iliyoumaliza. Nasema tu kwamba asiyesikia asingeweka ndoo.

4. Jambo nililolificha

Sasa nasema lile ambalo sikulisema siku ya majadiliano.

Ukitoka Kalerwe kwa barabara ya Gayaza, ukapita Mpererwe, unafika Kiteezi. Huko ndiko takataka za Kampala zilikokuwa zikimwagwa tangu mwaka 1996, hata zikawa kilima, na watu walikaa chini yake. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, kilima kile kiliporomoka na kufunika nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Siku hiyo mimi nilikuwa hapa shuleni. Sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu, na siilaumu sheria hiyo. Ni nzuri, nami hunisaidia katika masomo. Ile Jumamosi tulicheza mpira. Jumapili tuliimba. Kwa muda wa majuma mawili nilikuwa na raha kamili, ile raha niliyoisifu mbele ya Chama.

Muhula ulipofungwa nilirudi Kalerwe, na sokoni nikakutana na rafiki yangu tangu utotoni, ambaye kwao ni Kiteezi. Nilimpiga bega, nikamsalimu kwa kicheko kama tulivyozoea: "Agafaayo?"

Hakucheka. Alinitazama, akasema, "Kwani hukusikia?"

Bibi yake alikuwa amefukiwa. Bibi yule alikuwa akitupa mihogo ya kuchemsha tulipokuwa wadogo. Matanga yalikuwa yamekwisha. Wanawake wa soko walikuwa wamechanga, mama yangu akiwa mmoja wao, na vijana wa rika letu wamekwenda kuchimba kaburi. Mimi sikupeleka hata neno moja. Rafiki yangu hakunikasirikia, alisema, "Shuleni hamsikii." Lakini tangu siku ile nimejua kwamba raha yangu ya majuma mawili mwingine ndiye aliyeilipia.

Tena liko jambo la kufikiri. Mwezi wa Januari mwaka ule ule Meya wa Jiji, Bwana Erias Lukwago, alikuwa ameonya kwamba wanaofanya kazi na kukaa karibu na Kiteezi wamo hatarini kwa sababu takataka zimefurika. Hiyo pia ilikuwa habari, lakini ilikuwa ndogo, haina maiti, ikapita. Tunakimbilia kelele za msiba, na onyo linalotangulia hatulisikii.

5. Neno la mwisho

Basi nionavyo mimi, upande wetu ulikuwa na haki kuhusu wingi wa habari, lakini ulikosea kuhusu habari zenyewe. Habari ni kama salamu. Anayeuliza "Habari za nyumbani?" akajibiwa "Si nzuri," hawezi kuendelea na safari yake, hana budi kusimama na kuuliza kuna nini, kisha kutoa mkono. Habari ambayo naweza kuijibu kwa rambirambi, kwa mchango, kwa ndoo ya maji au kwa kura yangu, hiyo ni wajibu wangu kuitafuta. Zile ambazo siwezi kuzijibu kwa lolote, hizo nizipime kama chumvi.

Kwa hiyo nina ombi. Hatuhitaji simu bwenini. Tunahitaji ubao mmoja katika chumba cha kulia, ubadilishwe kila Jumamosi na wanafunzi wawili wa Kidato cha Sita, wenye sehemu mbili: "Habari za nchi" na "Habari za kwetu". Na ninyi wanafunzi wa zamani, mkipita karibu na lango letu na gazeti mliokwisha kulisoma, msilitupe. Mwachieni bawabu. Gazeti la juzi kwenu ni la zamani, lakini kwetu litakuwa jipya.

Na hoja ile ikirudishwa mbele ya Chama, nitapiga kura upande wa pili.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja habari moja uliyoisikia muhula huu ambayo uliijibu kwa tendo. Ulifanya nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya kimya na amani?
3. Kwa nini onyo husikika kwa watu wachache kuliko msiba?