Umeme Ukirudi, Folda ya Seva Isikimbie

Duka la uchapaji, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Umeme umerudi. Kompyuta ya kaunta, ya Linux, imeshawaka. Rauta bado inapepesa taa, seva ndiyo kwanza inakohoa. Kompyuta imeita folda ya seva, haikuitikiwa, imekata tamaa. Foleni imefika barazani. Hapo mtandao hauna kosa, haraka ndiyo yenye kosa.

1. Ipe seva anwani isiyobadilika, na uandike namba yenyewe ndani ya /etc/fstab. Ukiandika jina, na mfasiri wa majina ni rauta ileile iliyochelewa kuamka, umejiongezea wa kumsubiri.

2. Mstari wenyewe wa kuandika humo, kwa folda inayotolewa na seva kwa NFS, ni huu, usiukate (namba na majina ya folda weka yako):

192.168.1.10:/kazi /mnt/kazi nfs _netdev,nofail,x-systemd.automount,x-systemd.mount-timeout=30 0 0

_netdev inasema: hii ni ya mtandao, usiikimbilie. nofail: ikishindikana, endelea kuwaka. Lakini mkombozi hasa ni x-systemd.automount. Folda haiunganishwi kompyuta inapowaka, huunganishwa mtu anapoigusa mara ya kwanza. Mpaka karani azime jenereta na kurudi kitini, seva imeshaamka. Ikigoma, aiguse tena baadaye.

3. Ogopa folda tupu kuliko folda iliyogoma. Zamani, tukiwa na nofail peke yake, tuliandika ankara asubuhi nzima kwenye diski ya kaunta tukidhani ziko kwenye seva. Seva ilipounganishwa ikazifunika. Hazikufutika, zilikaa chini yake kama noti chini ya godoro, nasi tukizisaka kila mahali isipokuwa hapo. Dawa: folda ikiwa tupu na haijaunganishwa, toa amri sudo chattr +i /mnt/kazi. Seva isipokuwepo, hakuna atakayeandika humo, hata root.

4. Utashauriwa kuongeza neno soft kwenye mstari ule ili kompyuta isigande. Kataa. Seva ikipotea katikati ya kuandika, faili inaweza kubaki nusu. NFS yenyewe, usipoigusa, hutumia hard: inasubiri.

5. Ukishahariri, sudo systemctl daemon-reload, kisha findmnt --verify ikague ulichoandika. Halafu jaribu kwa vitendo: zima seva, washa upya kompyuta, ione ikifika mwisho, washa seva, fungua folda. Fanya hivyo duka likiwa limefungwa, si siku ya kuamkia Idi.