Mwarobaini: acha majani, okota mbegu

Wengi wetu tukitaka dawa ya mwarobaini tunavunja tawi, tunatwanga majani, tunaloweka na kupulizia, na viwavi wanaendelea kula kabichi kama kawaida. Mimi nilifanya hivyo msimu mzima. Majani yana nguvu kidogo tu. Ile kemikali inayowasumbua wadudu, azadiraktini, imejaa kwenye kiini cha mbegu.

Kwa hiyo kazi inaanza mapema, matunda yanapogeuka manjano. Okota chini ya mti. Ndege wakishakula nyama wanakuachia mbegu tayari. Zenye nyama zioshe mpaka utelezi uishe, uzianike kivulini, kisha uzitie kikapuni au kwenye gunia la katani. Mfuko wa plastiki haufai: mbegu hutoka jasho zikaota ukungu, na zenye ukungu ni za kutupa.

Siku ya kupulizia, twanga kidogo na upepete maganda. Pima gramu 500 za viini kwa lita 10 za maji. Tafuta kinu cha kazi hiyo. Cha kisamvu usikiguse, maana uchungu ule hautoki upesi. Twanga upate unga, lakini ukiona unaanza kushikana na mchi uking'aa mafuta, umezidisha. Loweka alfajiri, koroga mara kwa mara, na jioni chuja kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili. Usipochuja vizuri, utashinda unazibua bomba. Mwisho ongeza kijiko kimoja cha sabuni ya maji ili dawa ishike kwenye jani.

Jaribu kwanza kwenye miche michache, uangalie kesho yake kama majani yameungua.

Pulizia jioni, kwa sababu jua huivunja dawa hii haraka. Ukipulizia saa nne asubuhi, nguvu yake nyingi itapotelea juani. Jioni pia nyuki wamesharudi mzingani. Elekeza bomba chini ya majani, ndiko vidukari na nzi weupe wanakojificha.

Halafu subiri, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Kiwavi hadondoki papo hapo. Anapoteza hamu ya kula, anashindwa kujivua ngozi, na kufa kunaweza kuchukua siku kadhaa. Asubuhi usihesabu viwavi walio hai. Tazama kama kuna matundu mapya na kinyesi kibichi kwenye majani. Rudia baada ya siku 7, au mapema zaidi mvua ikiosha.

Jirani atakushauri utumie mmea wa utupa kwa kuwa unaua upesi. Ni kweli unaua, na wavuvi wa zamani waliutumia kulevya samaki. Ukiutumia, vaa glavu, funika pua na mdomo, na maji ya kusuuzia ndoo yamwage mbali na mto au bwawa.